Nataka kufunga stesheni ya redio ya ridhaa nyumbani Mabatini, nyumba iko juu ya mwamba: ethi naipigaje?

Kijana_wa_Mawe

Wakuu habari za jioni, poleni na mihangaiko. Mi nipo Mwanza hapa Mabatini, ila sio kule chini barabarani, nipo juu kabisa kwenye mawe, kule ambako bodaboda anakushusha af unamalizia kwa mguu, nyumba ya mama. Redio nimeipenda toka nipo darasa la tatu, babu alikua na redio yake ya masafa mafupi akiiwasha jioni tunakaa nje wote kimya, ile sauti inavyokuja inafifia af inarudi tena, mpaka leo nikiisikia natulia kabisa. Sasa mwaka huu nimeamua nisiishie kusikiliza, nataka nijenge stesheni yangu mwenyewe hapa nyumbani, redio ya ridhaa, wale wanaoitwa ham, niongee na mtu wa Brazil au Japani bila bando wala vocha.

Mpaka sasa nna kidude cha SDR, redio ya kusikilizia kwa programu ya kompyuta, ile RTL-SDR V4 ya kuchomeka kwenye laptop, nna betri ya sola ya 100Ah na paneli yake, na roli la waya wa umeme wa 1.5 lilibaki tulipofanya wairingi. Hela ninayojichanga nilikua nafikiria ninunue redio ya wati 100 moja kwa moja nisije nikanunua mara mbili, na bomba la chuma la meta 12 nilisimamishe juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba maana pale unaona ziwa lote mpaka visiwani.

Sasa yamenikwamisha mambo kadhaa. Ethi kwanza. Nimemleta fundi na rodi ya meta moja na nusu, kapiga nyundo weee, imeingia kama sentimita 40 ikagonga mwamba ikapinda, tumehama sehemu tatu hali ni ile ile. Wanasema bila ethi nzuri redio haifanyi kazi, ni kweli? Af radi. Nyie wa Kanda ya Ziwa mnaijua radi yetu, usiku wa manane inavyowaka huko ziwani, na mama kasema wazi chuma hakisimami juu ya jiwe akiwa hai. Jirani nae ameanza kuuliza kama kile kitu kitavuta radi mpaka kwake. Af la tatu ni kelele, kwenye bendi ya meta 40, ile ya megahezi 7, mchana kutwa ni kama mtu anakaanga dagaa, sindano ya kwenye programu ya kupima nguvu ya ishara inakaa S9 muda wote, sisikii mtu. Na leseni naanzia wapi.

Naombeni msaada wenu, hili jambo nalitaka kwa moyo wote.

Fundi_Nyegezi

Karibu sana mkuu, na hongera kwa kuuliza kabla hujasimamisha chuma. Mimi kazi yangu ni umeme wa majumbani na redio ni mapenzi, kwahiyo ngoja nianze na ethi maana hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Kuna vitu vitatu tofauti wote tunaviita ethi. Kuna ethi ya umeme wa nyumba, ile ya kukulinda usipigwe shoti. Kuna ethi ya radi. Na kuna ile ambayo aina fulani za antena zinaihitaji ili zirushe vizuri, mfano ile ya waya mmoja uliosimama wima wa robo wimbi, hiyo bila nyaya za chini inakua nusu mtu. Aliyekwambia bila ethi redio haifanyi kazi alikua anaongelea hiyo ya tatu bila kujua. Wewe funga daipoli, antena ya nyaya mbili zinazoanzia katikati kila mmoja na upande wake. Daipoli ina pande mbili zinazotegemeana zenyewe, hata ukiitundika juu ya mwamba mtupu inafanya kazi yake, haiombi kitu kutoka ardhini. Kwahiyo mwamba wako hauwezi kukuzuia kurusha. Ethi ya umeme na ya radi hizo bado unazihitaji na nitazirudia.

Daipoli yenyewe na huo waya wako wa 1.5 inatosha kabisa. Hesabu ni 142.65 gawanya kwa masafa kwa megahezi unapata urefu wote kwa meta. Kwa 7.1 inakupa meta 20 na chenga, yaani kila upande meta 10. Ila waya wako una ganda la plastiki, na ukiutundika kama V iliyogeuzwa, katikati juu miguu inashuka, utahitaji mfupi zaidi ya hapo. Wewe anza na meta 10 na nusu kila upande af punguza sentimita kumi kumi pande zote mbili sawa mpaka SWR itulie, yaani kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena. Ukiweza kuazima nanoVNA, kile kipimo kidogo cha antena, mahali utaokoa siku nzima ya kupanda na kushuka. Na uzuri wa daipoli ya meta 40 ni kwamba inakubali pia kwenye meta 15, 21 megahezi, maana ni mara tatu yake, umepata bendi mbili kwa waya mmoja.

Juu usiweke chuma. Tafuta mrunda mmoja mrefu ulionyooka, ile ile ya kujengea, meta 7 au 8 inatosha sana. Wengi wanadhani antena ya chini hivyo ni kupoteza muda, lakini kwa meta 40 daipoli ikiwa chini hivyo nguvu yake nyingi inapanda juu na kurudi chini karibu, ndio unawasikia Bukoba, Kigoma, Nairobi, Dar. Bukoba kutoka kwako ni kama kilometa 180 kwa mstari ulionyooka, Dar kama 850, huo ndio umbali hasa wa antena ya meta 40 iliyotundikwa chini. Kamba ya kufungia nenda Kirumba kwa wauza vifaa vya uvuvi, chukua nailoni ya kutegea nyavu, imezoea jua na maji. Katani itaoza mvua ya pili. Insuleta kata vipande vya bomba la maji la plastiki toboa matundu mawili, basi.

Pale katikati waya wa antena unapoungana, kabla haujaanza kushuka, zungusha huo huo waya wako wa koaksia, ule unaotoka kwenye antena kwenda kwenye redio, kwenye kipande cha bomba nene la inchi 4, kama meta 5 au 6 za waya mizunguko kumi na kitu, ufunge kwa zip tai. Hiyo inazuia mkondo usirudi kwa nje ya koaksia mpaka chumbani kwako. Koaksia yenyewe ukikosa ile ya ohmu 50 usikae unasubiri, ile ya dishi ya ohmu 75 inauzwa kila kona hapa mjini na daipoli yenyewe iko karibu na huko huko, kwa bendi za chini haina shida. Shida yake moja nyavu ya nje ni aluminiamu haishiki risasi, kwahiyo tumia konekta zake za kuskrubu.

Sasa ethi kwenye mwamba. Acheni kupigana na jiwe kwa nyundo. Zunguka uwanja wako uangalie udongo umejificha wapi, palipoota mpapai au mgomba au hata majani mazito kati ya mawe mawili, hapo kuna mfuko wa udongo. Chimba mtaro wa nusu meta hata kama ni mwembamba, laza waya wa shaba mtupu, meta tatu huku, meta nne kule, mfuko wa pili na wa tatu vivyo hivyo, af viunganishe vyote pamoja kwa waya wa milimita za mraba 16 au mnene zaidi. Ethi ya kulala inafanya kazi sawa na ya kusimama, kinachotakiwa ni eneo linalogusana na udongo wenye unyevu. Rudishia udongo wa mfinyanzi na mkaa uliosagwa, elekeza maji ya bafuni pale. Chumvi usiweke najua mafundi wengi wanapenda, mvua inaiosha na iliyobaki inakula shaba, baada ya miaka miwili unachimba unakuta uzi. Kwenye graniti usitegemee kupata chini ya ohmu 10 kirahisi.

Na hili ndilo kubwa kuliko namba ya ohmu: hiyo ethi mpya lazima iungwe na ethi ya mita ya nyumba, chasi ya redio, kila kitu, sehemu moja. Radi ikipiga karibu volteji ya ardhi yote pale inapanda, kama vitu vyako vyote vimefungwa pamoja vinapanda na kushuka pamoja. Kinachoua vifaa na watu ni pale ethi moja imepanda na nyingine iko kule haijapanda, tofauti inapita kwenye redio yako na mkono wako. Nimeona nyumba zina ethi mbili haziongei, hiyo ni hatari sana.

Dada_wa_Mwaloni

Kaka pole na kelele, hilo la tatu mi ndio limenigusa maana limenitesa miezi minne nzima. Mi nakaa Kirumba karibu na mwaloni, na kabla sijaendelea naomba usinunue hiyo redio ya wati 100 kwanza, subiri unisome.

Kutoka wati 20 kwenda wati 100 unaongeza desibeli 7 tu. Alama moja ya S ni desibeli 6. Yaani mtu wa Italia akikusikia S5 kwa wati 20, kwa wati 100 anakusikia S6 na chenga, ndio hivyo tu hela yote hiyo. Sasa we una kelele S9. Ukiishusha mpaka S4 umepata desibeli 30, nguvu ya kelele imepungua mara elfu moja. Ukiwa na wati 100 na kelele S9 kitakachotokea ni dunia nzima inakusikia inakujibu na we husikii mtu, unaita tu unaita, watu wanakuona hujui kusikiliza. Mi nilifanya hivyo hivyo.

Jinsi ya kuitafuta. Laptop yako iendeshe kwa betri yake, chaja itoe kabisa, af nenda kwenye meinswichi uzime nyumba nzima. Angalia sindano. Ikishuka mwizi yupo ndani, washa sekiti moja moja mpaka apande tena. Kwangu nilikamata taa mbili za LED za bei rahisi na chaja ya simu, na chaja kontrola ya sola nayo ilikua inaimba, hiyo nadhani na kwako ipo maana una paneli, ifunike paneli kwa kitenge saa sita mchana uone kama kelele inapungua. Nyaya za paneli zisokote pamoja chanya na hasi na uzipitishe kwenye zile pete nyeusi za feraiti za kuzuia kelele, zungusha mara kadhaa sio mara moja.

Ikibaki vile vile baada ya kuzima nyumba nzima basi inatoka nje, na hapo ndio kuna habari yangu. Kelele yangu ilikua inaanza saa mbili asubuhi inakaa mpaka saa kumi na moja jioni, usiku inapotea kabisa. Nikasema ni kiwanda. Nikaandika kwenye daftari kila siku saa na alama ya S, saa kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, kama wanavyofanya wenye redio, yaani toa masaa matatu kwenye saa yetu, 08:00 inakua 05:00. Baada ya wiki sita nikaona kitu cha ajabu, kuna siku kama saba nane mfululizo kelele haipo kabisa hata mchana, af inarudi, af baada ya mwezi inapotea tena. Nikakaa nikatazama zile tarehe. Ilikua mbalamwezi.

We mtu wa Mwanza utakua umeshaelewa. Wavuvi wa dagaa mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, taa zao haziwavuti dagaa, wanalala. Siku za giza wanakesha ziwani na asubuhi wanaleta betri za taa kuchajiwa, na nyuma yangu nyumba ya tatu kuna kibanda kinachaji betri, siku ya kazi zimepangwa arobaini kwa chaja za bei rahisi. Nikaenda na redio ndogo ya AM ya betri, naisogeza kila nikikaribia kile kibanda inapiga kelele zaidi mpaka mlangoni haisikiki kitu kingine.

Sikwenda kugombana. Yule baba mwenye kibanda nilimsalimia nikamueleza, nikamuomba anisikilize kwenye kile kiredio, akacheka akasema kumbe ndio maana taarifa ya habari siisikii humu ndani. Nikamnunulia pete za feraiti kwa hela yangu tukafunga kwenye nyaya za kila chaja, na zile chaja tatu mbaya zaidi tukachangia nusu kwa nusu akabadilisha. Saa hivi nipo S3 mchana siku za giza. Kwahiyo kaka andika daftari kwanza, na usiandike tu saa, andika na mwezi, mvua, siku ya soko, siku ya ibada.

Kijana_wa_Mawe

Dada asante sana aisee, nimesoma mara mbili. Paneli nimeifunika leo saa saba kwa kitenge cha mama kelele imetoka S9 ikaenda S6, kwahiyo sehemu kubwa ni ya kwangu mwenyewe na nilikua nawalaumu majirani. Daftari nimeanza. Fundi hizo mitaro ntachimba jumamosi, kuna mgomba unaota nyuma ya choo katikati ya mawe mawili, mama anasema haujawahi kukauka hata kiangazi.

Swali kuhusu wati sasa, kama sio 100 ni ngapi? Na hiyo betri yangu itakaa muda gani.

Bwana_Senene

Niko Bukoba upande wa pili wa maji kwahiyo tukipata wote leseni tutasalimiana kwa meta 40 😊. Wati 20 anza nazo. Redio ya wati 100 ukibonyeza inakunywa kama ampia 20 hivi, betri ya asidi ya 100Ah ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, fanya hesabu mwenyewe. Redio za wati 20 kama Xiegu G90 zinachukua chini ya ampia 8 zikirusha na nusu ampia hivi zikisikiliza, jioni nzima unakaa nayo. Fyuzi weka karibu na betri kabisa sio karibu na redio, waya ukikatika ganda njiani ndio unawaka.

Na wati chache zinatosha kwasababu kuna FT8, njia ya kuwasiliana kwa kompyuta badala ya sauti. Alietengeneza ni Joe Taylor, profesa aliyepata Nobel ya fizikia 1993, akishirikiana na Steve Franke, ikatoka 2017. Kila mtu anarusha kwa sekunde 15 kwa zamu, upana ni hezi 50 tu, na kompyuta inasoma ishara ambayo sikio lako halisikii kabisa imezama ndani ya kelele. Na hiyo SDR uliyonayo tayari unaweza kusoma leo leo bila kurusha chochote, weka megahezi 14.074 (meta 20) jioni na 28.074 (meta 10) mchana, saa ya laptop iwe sahihi isizidi sekunde moja la sivyo husomi mtu. Mraba wako kwenye ramani ya wenye redio ni KI67. Mchana pale juu ya mawe usihangaike sana na meta 40, jua likiwa utosini kwetu huku ikweta linameza masafa ya chini, meta 10 ndio saa yake, na jua lenyewe lipo kwenye miaka yake mizuri, mwezi wa kumi 2024 wanasayansi walitangaza kwamba limefika kipindi cha kilele.

Kitu kingine nataka nikurekebishe kwa upendo, umesema unaona ziwa lote. Watu wanasoma kwenye mitandao kwamba antena pwani inapiga mbali wanadhani na sisi tumo. Yale ni maji ya chumvi, yanapitisha umeme vizuri. Victoria ni maji matamu, kwa redio hayana tofauti kubwa na udongo wa kawaida. Kinachokusaidia wewe ni mteremko na kwamba mbele yako hakuna kilima, ishara inatoka chini chini bila kugonga kitu, hiyo ni faida kubwa kwa meta 20 na 10, itumie.

Af kuna setilaiti. QO-100 imekaa nyuzi 26 mashariki juu ya ikweta, haitembei, ni ya kwanza ya aina hiyo yenye mtambo wa redio ya ridhaa. Kwetu sisi iko karibu utosini, kutoka Mwanza unainua dishi zaidi ya digrii 80. Inashuka kwa 10489.5 megahezi na kuendelea, LNB ya kawaida ya king'amuzi, kile kichwa cha mbele ya dishi, inaishusha mpaka kama 739.5, hapo hapo SDR yako inasikia. LNB ipe volti 12 za pembeni, kidude chenyewe hakiwezi kuibeba. Mimi ndio nilianzia hapo, sauti za watu wa Afrika Kusini na Ujerumani kama wapo chumbani, siku ile sikulala.

Mzee_Nansio

Vijana wangu, nimefurahi kuona mazungumzo haya. Mimi nipo Ukerewe, nimestaafu. Miaka mingi nilikuwa mtu wa simu ya upepo katika hospitali moja ya misheni huku visiwani, kabla simu za mkononi hazijafika. Mgonjwa wa uchungu akishindikana usiku, ni mimi naamshwa naita Mwanza mpaka boti ipatikane. Kwa hiyo antena nimeishi nayo chini ya radi ya ziwa hili, na niseme kidogo juu yake.

Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, mawingu yanajengeka huku juu yetu. Usiku nchi inapoa, upepo unageuka, unakusanyika katikati ya ziwa ambako maji bado yana joto, ndipo ngurumo zinapozaliwa usiku wa manane hadi alfajiri. Maana yake kijana, radi yako itakuja umelala. Usitegemee kwamba utaiona ukaikimbilia. Kila ukimaliza kutumia redio, chomoa waya wa antena, kila siku, hata anga liwe jeupe. Na usiuchomoe ukauacha ndani juu ya meza, hapo umeikaribisha radi chumbani. Uchomolee nje ya ukuta, kwenye kisanduku, uuunge na ethi ile aliyokueleza fundi. Kizuia radi cha gesi kiweke pia hapo hapo nje, lakini hicho ni cha umeme unaojikusanya na radi za mbali. Ya kupiga moja kwa moja hakuna kifaa cha dukani kinachoizuia.

Chuma juu ya jiwe mama yako amekataa kwa haki, mtii. Na jirani usimpuuze. Mpeleke umwonyeshe mrunda wenyewe, mwambie urefu wake haufiki mti wa mwembe, mwonyeshe kisanduku na ethi. Mtu akielewa, siku mvua ikipiga na wewe hupo atakuja mwenyewe kukukumbusha kuchomoa.

Leseni: kurusha bila leseni ni kosa la sheria, na kwa mtu anayeipenda redio ni aibu pia. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza, nenda kwa miguu yako, ulizia leseni ya redio ya ridhaa, na uliza kuhusu kifaa chenyewe kabla hujakiagiza nje, kisije kikakaa forodhani. Niliwahi kuagiza sehemu ya mtambo bila karatasi, ikakaa miezi. Ishara za wito, yaani majina ya stesheni, za Tanzania huanza na 5H, Uganda 5X, Kenya 5Z, hivyo ziwa hili moja lina herufi tatu kwenye fukwe zake. Ukishapewa, kumbuka sisi tupo Kanda ya Kwanza ya dunia, meta 40 yetu inaishia 7.200. Utawasikia Wamarekani mpaka 7.300, wale ni kwao, usiwafuate huko.

Na kama unacho kile kiredio cha mkononi cha VHF, chaneli 16 ya meli, 156.8, sikiliza kwa adabu usibonyeze. Ile ni ya watu walio majini. Ziwa hili limeshatuchukulia watu wengi, MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018, hakuna anayetakiwa kuizuia njia ile hata kwa sekunde.

Kijana_wa_Mawe

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na nimemsomea mama maneno yako yote, amesema huyo mzee nimwitie chai siku akivuka kuja Mwanza.

Leo ni wiki ya tatu toka nifungue huu uzi nikasema nirudi na majibu. Mitaro imetoka minne, mmoja meta tano nyuma ya choo kwenye ule mgomba na mitatu mifupi, fundi wa umeme wa mtaani amekuja na kipimo kikasoma ohmu 14 akasema kwa Mabatini hajawahi kuona. Nimeiunga na ethi ya mita kwa waya wa 16 umeshuka umenyooka bila kukunja. Mrunda upo juu, meta 8, kamba za Kirumba, V iliyogeuzwa, jirani ndie alieshika kamba ya upande wa kwake maana mguu mmoja umeishia kwenye mti wake. Feraiti kwenye sola nimeweka, kontrola nimeihamisha mbali na dirisha, nipo S4 mchana. Bado kuna kitu kinalia jioni saa moja mpaka saa nne, nipo kwenye daftari.

Jana mchana 28.074 kwenye SDR nimesoma Brazil, Italia, India, af saa kumi ikaingia Japani mstari mmoja ukapotea. Nilimuita mama aje aone. Hajui ni nini lakini alikaa kama nusu saa anasoma majina ya nchi kwenye skrini nami namtajia.

Ofisini nimeenda jumanne, wamenipokea vizuri wamenipa maelezo ya maombi, naandaa karatasi. Redio sijanunua na sitanunua mpaka leseni ipo mkononi. Nimebakisha kitu kimoja, ule waya unapoingia ndani nimetoboa ukuta chini ya dirisha, mvua ya juzi maji yamefuata waya yakaingia mpaka kwenye kile kisanduku. Nizibe na silikoni?

Fundi_Nyegezi

Ohmu 14 pale juu hongera sana, na kipime tena kiangazi kikikolea maana udongo ukikauka itapanda.

Silikoni peke yake hapana. Waya ukifika karibu na tundu uache ushuke chini ya usawa wa tundu kama sentimita 20 af ndio upande kuingia, maji yatadondokea pale chini ya lile pinda hayatapanda na waya. Tundu lenyewe ulitoboe kwa mteremko wa kushuka kuelekea nje, silikoni weka juu na pembeni tu, chini acha wazi, na kisanduku toboa vitundu viwili upande wa chini. Konekta funga tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya umeme, ukianzia chini kwenda juu kama vigae vya paa. Hiyo iliyoingia maji ikate tupa, usiikaushe, nyavu ikishalowa inaoza kwa ndani na SWR itaonekana nzuri huku nguvu yako inaishia kwenye waya.